Kitasa Kinachosoma Damu

Siku hizi kila mlango una kitasa kinachosoma damu, ndani na nje. Ukikishika kinakudonoa kidole, kisha kinatangaza kilichokiona, mtaa mzima usikie. Jirani yetu Bi Tatu alirudi sokoni na kapu la mchicha, kitasa chake kikasema: "Chembe nyeupe zimezidi, changa, hazijakomaa. Saratani ya damu." Gari la kumchukua lilifika kabla hajatua kapu. Hatujamwona tena.

Tangu hapo mume wangu Shaibu hubisha hodi nyumbani kwake mwenyewe.

"Mama Nasra, nifungulie, nimebeba vitu."

Nikimfungulia, hana kitu mikononi. Akitawadha naona madoa ya damu iliyovilia chini ya ngozi, na tezi zilizomvimba shingoni.

Leo alibisha nikiwa jikoni. Nikauzungushia mkono kanga, kama kawaida yangu, nikafungua. Ila leo nilisahau kuivua kabla hajaingia.

Shaibu aliitazama kanga ile, kisha akanitazama mimi.

"Kumbe na wewe?"

"Ingia, Baba Nasra. Chakula kinapoa."