Kitanda cha Pembeni

Mashua ya tanga ya Fundi inalaza watu wangapi bila kubanana? Mimi nilishahesabu: wawili tu. Yeye na Mama, aliyemuoa mwezi uliopita. Ndiyo maana niliwaambia safarini siendi ng'o!

"Njoo uchungulie tu," Fundi akaniita, vumbi la mbao limejaa hadi kwenye nyusi.

Nikaingia, macho kwenye simu. Kulia, kitanda chao. Kushoto, palipokuwa na kabati la vyombo, nikakuta kitanda kingine chembamba, kimepigwa msasa hadi kinateleza.

"Ameng'oa kabati langu!" Mama akalalamika huku anacheka, kakumbatia sufuria tatu. "Hizi nizivae kichwani?"

"Kitanda cha nani?" nikauliza. "Mgeni?"

Fundi akanyoosha penseli kuonyesha ukutani, juu ya kitanda kile. Kwenye ubao, upande wa kulaza kichwa, kulikuwa na tundu dogo lililotobolewa kwa uangalifu. Nikaingiza waya wa chaji. Ukapita sawasawa.

"Humu ndani nani mwingine analala na simu?" akasema.

Nikajilaza. Nikanyoosha miguu, ikabaki nafasi.

"Mama, lete hizo sufuria. Zitakaa miguuni kwangu."