Bomba Chini ya Matete

Tangu mwanawe azikwe, kila asubuhi Sikitu alipandisha kando ya kijito, akichota maji kwenye kila kona na kuyanusa. Siku ya tisa, nyuma ya kiwanda cha ngozi cha Bwana Mbaruku, alifunua matete akakuta bomba likitema maji ya zambarau. Yalinuka vilevile kama matapishi ya mwanawe siku ile ya mwisho.

Na Mbaruku ndiye aliyelia msibani kuliko wafiwa.

Sikitu hakupiga kelele. Alivua khanga ya juu, akaisokomeza ndani ya bomba, akashindilia udongo na mawe mpaka mikono ikababuka. Kisha akapanda ukingoni, akakaa kuutazama ua wa kiwanda.

Haikupita saa, maji yakafumuka mitaroni, yakaelekea nyumba ya Mbaruku iliyokuwa pembeni mwa ua. Mbaruku alimjia mbio, suruali imelowa hadi magotini.

"Mama, nani kaziba huko?"

"Mimi. Unakimbia nini, baba? Si ulituapia msibani kwamba maji haya hayana neno?"

Nyuma ya Mbaruku mlango wa nyumba ulifunguka, mkewe akasimama kizingitini miguu mitupu, akitafuta pa kukanyaga.