Kiwanja Kitupu

Amri ilitaka kila nyumba iwe na kuta zinazosikia. Mwanashaha akakandika chumba chake kwa fito na udongo mwekundu, ili mwanawe alie bila kilio chake kuwekwa kwenye rekodi.

Mkaguzi alielekeza kidude chake ukutani, kikakaa kimya.

"Dada, mashine haioni nyumba. Weka kuta zetu, la sivyo naandika kiwanja kitupu."

"Na huyu mgongoni mwangu, ni mzigo wa kuni?"

"Viwanja vitupu vinasawazishwa Ijumaa. Tingatinga halina dereva wa kumbembeleza."

"Basi andika, kaka! Miezi tisa alikaa mahali pasipo na masikio, akanawiri."

Mkaguzi akaandika, akaenda zake. Ilikuwa Jumatano. Mwanashaha akalowesha udongo, akaanza kukandika chumba cha pili.