Kilio cha Bati

"Hii ni risasi, si bati!" Tajiri Liew aliutupa mkuo wa tatu, ufito mwembamba wa madini yaliyoyeyushwa, kwenye karai la takataka la duka lake. "Mama, umeniona mimi zuzu?"

Mak Rubiah aliuokota. Miezi miwili alikuwa ameinama mtoni akiosha mchanga, maji kiunoni, kisha akaliyeyusha bati lake mwenyewe. Wiki iliyopita Liew alimkataa vivyo hivyo, na tangu hapo mji mzima wa Gopeng ukamwita tapeli. Posa ya binti yake imeshavunjwa.

Liew hakumhurumia hata chembe. Bati safi ukilikunja hulia, kwa sauti kama ya kijiti kikavu kinachovunjika. Likijaa risasi, yale madini mazito ya bei rahisi, huwa bubu. Kwa miaka arobaini sikio lake ndilo lililowaamulia watu, na mikuo aliyowauzia mafundi wa kulehemu, yenye muhuri wake wa kobe, haikurudishwa hata mmoja. Siku hizi kila kapuku naye eti fundi! Mwezi huu pekee amewafukuza matapeli kumi na mmoja.

Kila kitu kimeharibika. Hata tiong, yule ndege wake msemaji, ameacha kusema. Hukaa kitunduni akipiga miayo tu.

Ndege alipiga mwayo mwingine. Wateja wakaangua kicheko. Liew akajua wanamcheka mama yule, akafurahi.

"Acha kumumunya maneno!" Liew alimfokea Mak Rubiah, aliyekuwa akichezesha midomo. "Ukisema nami, nitazame usoni. Au kwenu hakuna adabu?"

Mak Rubiah akamtazama. "Nasema hivi, Tajiri: umebaki mkuo mmoja. Huu nao ukiwa risasi, sikanyagi tena hapa."

"Lete. Njia ya mwongo fupi."

Liew aliusogeza mkuo sikioni, akaukunja polepole. Akaunyoosha, akaukunja tena. Kisha akasonya.

"Bubu! Aliyeuyeyusha huu ni mwizi, mwana wa mwizi!"

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Ugeuze, Tajiri," alisema Mak Rubiah. "Niliununua jana, hapa hapa kwako."

Liew akaugeuza. Kobe wake alikuwa pale, amegongwa vizuri, na miguu yake yote minne.

Akainua macho kutafuta wa kumtetea. Kitunduni, tiong alikuwa ameachama, koo likimtetemeka, na wateja wote walikuwa wameziba masikio.