Matone Yenye Kiu

Filimbi ikalia, na watu wazima arobaini wakaruka, kila mmoja mraba mmoja mbele, kama kuku waliotupiwa mtama.

"Adeer Olow, umegonga ua!" Idil akapaza sauti. "Rudi ulikotoka!"

Mzee Olow akarudi, anacheka mpaka kofia ikaanguka.

Miraba ilichorwa kwa majivu uwanjani, mtaa wa Iftin, toka kwenye laga, mkondo wa maji ya mvua, mpaka mlango wa hoteli ya Dagane, na kila mtu alikuwa tone la maji. Idil alisomea hesabu za maji chuo kikuu. Kompyuta yake, alisema, imekufa kwa vumbi. Basi mtaa wenyewe utakuwa kompyuta. Ukigonga ua, rudi ulikotoka. Ukitokea chini, zunguka uingie tena juu. Mvua ya mwaka huo wa tisini na saba ilishaanza kutisha, na lori la mawe lilikuwa moja tu. Pale matone yatakapojaa, hapo ndipo ukuta wa kuzuia maji utajengwa.

Dagane aliyataka mawe hayo. Maji hakuyaogopa, aliogopa mawe yasije yakaenda kwa mjane Rahmo, wa nyumba ya udongo nyuma ya hoteli. Mwaka mzima Rahmo alimwomba kaukuta kapite mbele ya hoteli, kamkinge.

"Wateja wangu waruke kama mbuzi?" Dagane alimjibu. "Katu!"

Leo alipika chai ya maziwa, tangawizi tele, akaiweka mlangoni. Bure. Sukari ilipomwishia, Rahmo mwenyewe, maskini ya Mungu, akamletea kilo mbili.

Matone yalifika mlangoni, yakanusa, yakakaa. Filimbi ikalia weee, hakuna aliyezunguka.

"Wallahi, maji yote kwa adeer Dagane," Idil akasema. "Ila ukuta utakuzibia mlango..."

"Uzibe!" Dagane akaapa mbele ya wazee wote. "Mawe ni yangu!"

Rahmo akajifunika uso kwa shuka, mabega yakimtetemeka.

Kesho yake jioni, ukuta umeshafika kiunoni, Dagane alimpelekea Idil birika la chai, kumshukuru. Mlango ulikuwa wazi. Kompyuta iliyokufa ilikuwa inawaka. Vijitone vya buluu vilishuka toka laga, vikagonga ukuta mbele ya hoteli, vikarudi vilikotoka. Nyumba ya Rahmo hapo nyuma haikuguswa hata na kimoja. Tarehe pembeni ilikuwa ya Ijumaa iliyopita, kabla miraba haijachorwa.

Rahmo alikuwa ameketi kando ya Idil, ameshapanga vikombe vitatu.