Soya za Mama Mkwe

Dolphine alifungua majani ya ndizi, akachota soya kwa kijiko. Ute ukavutika kama nyuzi za buibui. Zilikuwa tayari. Siku mbili zilikuwa zimelala kando ya jiko, zimefunikwa blanketi kama mtoto mwenye homa, na nyumba nzima ilinuka soksi.

Kufunga majani yale kulimchosha. Mkono wake wa kushoto haukunyooka vizuri tangu Desemba. Watu wa kanisa aliwaambia kwamba aliteleza kwenye ngazi.

Akavuka ua hadi chumba cha mabati. Mama Wilkister, mama wa mumewe Opiyo, alilala huko peke yake; kwao si heshima mama kulala chini ya paa la mwanawe. Alikuwa amekuja Krismasi kumjulia hali Dolphine, akapatikana na ugonjwa wa sukari, akabaki.

"Nyar Ugenya," akamwita kwa jina la kwao alikozaliwa, "leo umeniletea uvundo gani?"

"Dawa, Mama. Kula."

"Dawa iko na harufu ya Opiyo akivua viatu." Akala zote, akalamba sahani.

Dolphine alijifunza soya hizo kwa semina ya akina mama kule Nkoroi. Mwalimu alisema zikichachuka zinafuga vijidudu vizuri, vinavyousaidia mwili kutumia sukari. "Lakini tembe msiache," akaonya. Dolphine hakuacha chochote. Alihesabu tembe, akapima ugali kwa kikombe, na chai ya Mama hakuitia hata chembe ya sukari.

Chini ya godoro lake kulikuwa na barua kutoka shule moja ya chekechea Kajiado. Ilimtaka aripoti kazini Jumatatu.

"Mama hawezi kuachwa peke yake," Opiyo alikuwa amesema, kwa ile sauti ya upole aliyoanza kuitumia tangu mama yake aje. "Sukari ikishuka, atarudi nyumbani, na wewe utaenda kazi."

Miezi saba sasa. Barabara ya Kitengela aliiona kwa tundu la geti tu.

Ijumaa Opiyo akawapeleka kliniki. Muuguzi alidunga kidole, akatazama mashine, akadunga kingine.

"Sukari imepanda hadi kumi na tisa. Mama, kwani unakula nini?"

"Soya," akajibu Wilkister.

Dolphine alilia njia nzima ya kurudi, uso wake dirishani.

Kesho yake akaingia kufagia chumba cha mabati. Sisimizi walikuwa wamepanga foleni kutoka mlangoni hadi chini ya kitanda. Akawafuata kwa ufagio. Nyuma ya sanduku kulikuwa na mfuko wa sukari wa kilo mbili. Ilikuwa imebaki robo, na kijiko ndani.

Akauinua, akamgeukia Wilkister.

"Kumbe ni wewe umenifungia humu, Mama. Afadhali ufe, bora tu usirudi kwenu?"

Wilkister aliupokea mfuko, akauweka kando. Aliketi kitandani, mahali ambapo dirisha lake lilitazamana na dirisha la chumba cha mwanawe. Akamvuta Dolphine karibu, akaushika ule mkono wa kushoto, akaupapasa polepole pale mfupa ulipounga vibaya.

"Miezi saba nimezunguka hii nyumba yenu, nyar Ugenya," akasema. "Sijaona ngazi."