Kicheko cha Mara ya Kwanza

Kila Idi, Mishi alikwenda kwa mfutaji wa kumbukumbu pale Tanga, akafutiwa kitu kimoja tu: filamu ya zamani ya Kihindi ambamo stelingi hujifanya kinyozi kipofu ili awe karibu na mpenzi wake. Kisha alirudi nyumbani kuitazama kana kwamba imetoka jana, akacheka hadi machozi.

Mumewe, Msellem, aliungua kwa wivu.

"Kinyozi huyo ana nini nisicho nacho?"

"Wewe nakujua, mume wangu. Yeye hunishtukiza."

Idi iliyofuata, Msellem alimwendea mfutaji kwa siri. "Ukishafuta filamu, nifute na mimi. Nataka anione upya."

Jioni alivaa kanzu mpya, akabisha hodi mlangoni pake mwenyewe, mkononi ana asumini. Mishi alifungua, akamtazama kwa heshima.

Msellem akamtolea ule utani uliomfanya akubali posa. Mishi akatabasamu kidogo. Ndani, kinyozi akaanza kuimba.

"Samahani, kaka, njoo siku nyingine. Hapa ndipo panaponoga."

Mlango ukafungwa, kicheko kikapasuka ndani. Msellem akapapasa ufunguo mfukoni, akaogopa kuutumia.